Shajara ya mradi: kumwandika Nonna kabla ya mwezi wa kumi

11 Januari 2025

Nimejitia kitanzi mwenyewe. Siku ya Krismasi, watu wameshiba, nikatamka mbele ya ukoo mzima kwamba mama mkwe akitimiza miaka 90 mwezi wa kumi nitakuwa nimeandika maisha ya mama yake kwenye kijitabu, wajukuu na vitukuu wasome. Wakanipigia makofi. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Yeye anaijua familia yake.

Huyo mama yake mama mkwe tulimwita Nonna, yaani bibi kwa Kiitaliano, na humu atabaki na jina hilo. Alizaliwa Sicilia mwaka 1910, akaja Marekani bi harusi wa miaka 20, akafia Monterey, California, mwaka 2003. Mimi nilimdiriki miaka minne tu. Nilitoka Tanga mwaka 1999, nikaingia nyumba yao mwezi wa saba nikidhani California yote ni jua. Monterey mwezi wa saba ni ukungu. Nimekaa jikoni na sweta mbili, meno yanagongana, bibi kizee mfupi aliyevaa nyeusi tupu akanitazama kutoka juu hadi chini, akamgeukia binti yake: "Mischina."

Nikashtuka. "Maskini?"

Kumbe ni neno lilelile. Waarabu waliitawala Sicilia kati ya karne ya tisa na ya kumi na moja, wakaondoka, maneno yakabaki. Mischinu ni maskini, na hata ile sauti ya kulivuta neno kwa huruma ni moja. Zaffarana ni zafarani. Zibbibbu ni zabibu za aina fulani. Tangu siku ile Nonna akawa ananiwinda kwa maneno: anashika kitu, anakitaja, ananingoja. Mara nyingi nilishindwa, kwa sababu Kisicilia si Kiarabu, lakini nikipatia alikuwa anapiga meza kwa kiganja na kucheka. Lugha nyingine ya pamoja hatukuwa nayo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea chumvi, changu cha kidato cha nne.

Nilivyo navyo leo: kaseti tatu alizorekodi mume wangu mwaka 1993 alipokuwa chuoni, kopo la biskuti lenye karatasi, na picha kumi na moja ambazo hakuna aliyeandika kitu nyuma.

2 Februari

Kaseti ya kwanza imeliwa. Nilinunua redio kaseti ya mtumba ili niziingize kwenye kompyuta, nayo ikatafuna utepe dakika ya nne. Kosa langu, sikuijaribu kwanza kwa kaseti isiyo na thamani. Nikautoa utepe taratibu, nikauzungusha kwa penseli, kazi ambayo kila mtu wa rika langu aliisomea bila mwalimu. Kama dakika moja imekunjamana na haisikiki. Mume wangu hakusema neno, jambo lililoniuma zaidi.

Zilizobaki ni salama, na nimezisikiliza mara mbili na mama mkwe kando yangu akitafsiri, maana mume wangu huyu Kisicilia anakisikia nusu nusu. Kaseti ya pili karibu yote ni kiwandani. Monterey ya miaka ile ya 1930 na 1940 iliishi kwa sardini. Samaki wenyewe kwetu tungewaita dagaa papa, ila hawa wanazidi urefu wa kiganja. Wanaume, wengi wao Wasicilia, walivua, wanawake walisindika. Meli zilirudi usiku au alfajiri, na samaki hangoji, kwa hiyo viwanda viliwaita wanawake kwa king'ora saa yoyote ile. Nonna anasema kila kiwanda kilikuwa na sauti yake, na mwanamke aliyelala fofofo aliijua ya kwake. Kingine kikilia anageukia upande wa pili. Cha kwake kikilia, miguu iko chini kabla macho hayajafunguka. Anavaa, anachukua tochi, anateremka kilima na wenzake gizani. Kisha ni kupanga samaki kwenye makopo ya mviringo uliorefuka, ya ratili moja, mpaka shehena iishe. Mara nyingine saa nne, mara nyingine kumi na sita.

Kuna mahali mume wangu, kijana wa 1993, anamuuliza kama alichukia ile harufu. Nonna anacheka. Anasema harufu ilikuwa kodi ya nyumba.

Nikaacha kuandika nilipofika anapoeleza kwa nini mumewe hakutoka mwezi ukiwa mpevu. Walivua kwenye giza, kwa sababu gizani kundi la sardini likipita maji yanawaka, na mwenye jicho anaona moto unatembea chini ya bahari, anazungushia wavu. Baba yangu alivua Sahare, kwetu Tanga. Wiki ya mbalamwezi alikuwa anashona nyavu na kugombana na kila mtu nyumbani. Nilimpigia mama Tanga, nikamwambia. Akasema, "Sasa mwanangu, ulidhani wao wanavua mchana?"

16 Februari

Mvutano na wifi. Yeye anataka kijitabu cha mapishi: pasta ya sardini na shamari ya porini, mkate uliosagwa na kukaangwa wa kunyunyizia juu, cuccìa ya tarehe 13 Desemba. Hii cuccìa ni ngano nzima inayochemshwa kama tunavyopwaza mahindi, ikachanganywa na jibini laini na sukari, na siku hiyo ya Mtakatifu Lucia wenyewe hawagusi mkate. Tamu sana. Nimemwahidi kurasa mbili.

Zaidi ya hizo sitatoa, na nimemwambia. Kila mjukuu niliyemhoji mpaka sasa, na nimehoji saba, ameanza na sosi ya nyanya. Harufu ya sosi Jumapili, kijiko cha mbao, aproni. Sisemi si kweli. Lakini mwanamke aliyevuka bahari na kupanga makopo miaka kumi na tisa amebaki aproni, na aliyebaki aproni hana la kuulizwa. Wifi kanuna. Atarudi.

9 Machi

Wiki tatu nimemtafuta kwenye orodha za abiria wa meli na sikumpata. Nimejaribu jina la ukoo wa mumewe kwa kila tahajia anayoweza kukosea karani. Leo mama mkwe, anakunja nguo wala hanitazami, kasema: "Mbona unamtafuta kwa jina la baba? Kwetu mwanamke anakufa na jina lake." Kwenye karatasi za serikali ya Italia mwanamke aliyeolewa hubaki na jina la baba yake. Dakika kumi baadaye nilikuwa naye kwenye skrini: meli ya Conte Biancamano, kutoka Napoli, mwaka 1930. Safu ya kujua kusoma: hapana. Anakokwenda: kwa mume, Monterey, California.

Kuna hadithi mbili za familia zimekufa kwa ukurasa huo mmoja. Ya kwanza ni kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, alikata irabu ya mwisho ya jina la ukoo. Makarani wa pale hawakubatiza watu. Walifuata orodha iliyoandikwa bandarini kule meli ilikotoka, na kwenye orodha hii jina la mume limetimia, irabu na vyote. Ya pili ni kwamba alipita "kwa bahati" mlango ukiwa umeshafungwa. Kweli sheria ya uhamiaji ya 1924 ilikuwa imewabania Waitaliano, mwanzoni wakabakishiwa watu elfu tatu na mia nane na kitu kwa mwaka. Ila mumewe alikuwa amepata uraia mwaka 1926, akarudi kijijini kuoa, na mke wa raia hakuhesabiwa kwenye kima hicho. Mtihani wa kusoma nao, uliowekwa mwaka 1917, ulimsamehe mke anayemfuata mume. Kwa hiyo haikuwa bahati. Alipita kwa mgongo wa mumewe, kisheria kabisa. Nakiandika hiki kwa wino mzito kwa sababu nina hisia kitarudi.

27 Aprili

Imefika nakala kamili ya cheti cha kuzaliwa kutoka Isola delle Femmine. Niliandika barua kwa Kiitaliano cha kuazima, nikaambatisha nakala ya pasipoti, na wamejibu kwa upole. Jina la mji maana yake Kisiwa cha Wanawake, lakini mji wenyewe uko bara, karibu na Palermo; kisiwa ni kile kidogo kilicho mbele yake baharini, chenye mnara uliobomoka. Huko ndiko walikotoka wavuvi wengi waliokuja California. Baba yake Joe DiMaggio, yule bingwa wa besiboli, alitoka hapohapo.

Cheti kinasema baba alikwenda mbele ya meya, akataja saa ya kuzaliwa na mtaa, mashahidi wawili wakasikiliza, kisha hati ikatiwa saini na meya peke yake kwa kuwa wengine hawajui kuandika. Watu wanne chumbani, mkono mmoja wenye kalamu.

25 Mei

Chini ya kopo la biskuti kulikuwa na karatasi iliyokatwa kwa mduara wa kopo, kama watu wanavyotandika droo. Nimeinyanyua ili nifute vumbi. Chini yake, kijitabu chembamba cha rangi ya waridi. Picha ya Nonna ana miaka 31, nywele zimebanwa nyuma, hatabasamu. Alama ya kidole. Mahali pa saini pana msalaba wa wino na maneno ya karani. Tarehe, Februari 1942. Kinasema yeye ni mgeni wa taifa adui.

Nimempelekea mama mkwe sebuleni. Amekishika, amekifunga, ameniambia chai imepoa. Tumekunywa chai iliyopoa.

8 Juni

Ameniita mwenyewe. Kanikalisha jikoni, akafunga mlango mume wangu asisikie, mwanawe wa kumzaa huyo.

Sisi sote tulikuwa tunajua Nonna aliwahi kukaa Salinas mwaka wa vita "kumsaidia jamaa aliyejifungua". Hapakuwa na jamaa. Marekani ilipoingia vitani na Italia mwishoni mwa 1941, Waitaliano wapatao 600,000 waliokuwa hawajapata uraia wakageuka maadui kwa usiku mmoja. Wajiandikishe, watembee na kijitabu, wasalimishe redio za masafa mafupi, kamera na tochi. Pwani ya California wakawekewa na amri ya kutotoka usiku, saa mbili wawe ndani, na wale wa ukanda uliokatazwa, Monterey ikiwamo, wahame kabla ya tarehe 24 Februari. Baba yake DiMaggio alizuiwa kukanyaga gati ya San Francisco alikokuwa akivua, na mwanawe wakati huo ndiye jina linalotajwa zaidi nchini.

"Mama alipeleka tochi polisi," mama mkwe ameniambia. "Ile ya kuendea kiwandani. Aliifunga kwenye kitambaa kama mkate."

Kilichonichanganya ni mumewe. Yeye raia, alibaki nyumbani na kuvua kama kawaida. Watoto wamezaliwa hapa, raia. Adui ni mama peke yake. Nimekaa na hili siku tatu mpaka nikaona lilipofungwa fundo. Kabla ya Septemba 1922, mwanamke aliyeolewa na raia wa Marekani alipata uraia kwa ndoa, hapo hapo. Mwaka huo sheria ikabadilishwa ili mwanamke awe na uraia wake mwenyewe, asivutwe na mume kama tela. Wanawake waliipigania, na ilikuwa haki. Lakini kwa Nonna, aliyeolewa 1930, maana yake ni kwamba mgongo wa mume uliomvusha bandarini haukuweza kumvusha kwenye uraia. Ilimpasa aombe mwenyewe, ahojiwe kwa Kiingereza, aandike jina lake. Na kalamu hakuijua. Hakuwa mkaidi wala mpenzi wa Mussolini; huyo Nonna alimwita jina ambalo mama mkwe kakataa kunitafsiria. Alikuwa hajui kuandika, basi.

Wamekwenda Salinas, kilomita kama 30 ndani, Nonna, mama mkwe wa miaka sita na mdogo wake wa kunyonya. Kaka mkubwa kaachwa na baba asome. Chumba kimoja, familia tatu. Baba anakuja Jumapili na samaki kwenye gazeti. Mama mkwe anakumbuka uwanja wa mashindano ya farasi palepale Salinas, na watu nyuma ya waya, watoto wa Kijapani wa umri wake. "Mama alinishika kichwa akanigeuza nisitazame. Sisi tulikuwa na chumba, mwanangu. Wao waliwekwa pale." Amesisitiza niandike hilo, tusijifanye tuliumia kupita wote. Naliandika. Wajapani zaidi ya 110,000 walipelekwa kambini na theluthi mbili yao walikuwa raia.

Tarehe 12 Oktoba 1942, Siku ya Columbus, Mwanasheria Mkuu Francis Biddle akatangaza kwamba Waitaliano hao si maadui tena. Nonna alirudi Monterey, na king'ora, na makopo. Ila mtaani hakuongea tena Kisicilia kwa sauti. Kulikuwa na mabango yenye kukataza lugha za maadui: ongeeni Kimarekani. Watoto akawajibu kwa Kiingereza chake cha kuombea chumvi. Mwaka uleule, kwenye karatasi za shule za mama mkwe, irabu ya mwisho ya jina la ukoo imepotea. Haikukatwa na karani wa Ellis Island. Aliikata baba yake mwenyewe.

Nilipotoka jikoni mume wangu kaniuliza tulikuwa tunasengenya nani. Nikamwambia kesho. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2000 Rais Clinton alitia saini sheria ya kukiri kwamba Waitaliano walitendewa vile. Nonna alikuwa hai, miaka 90, nami nilikuwa jikoni humohumo namenya vitunguu. Hakuna aliyesema neno.

Wanangu wawili wananijibu Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili. Hilo si la kijitabu hiki.

20 Julai

Wifi karudi. Kasoma rasimu ya Salinas, akapiga simu usiku wa manane analia, halafu akakumbuka ana bahasha. Nonna alimpa miaka ya tisini akamwambia ni takataka, usitupe.

Ndani yake mna mifuko ya karatasi ya dukani, ya kaki, iliyofunguliwa na kunyooshwa. Kila mmoja umejazwa jina la Nonna kwa penseli, mstari baada ya mstari. Mstari wa juu ni mwandiko wa mtoto wa shule, wa mviringo, safi. Chini yake ni mkono wa mtu mzima unaoukandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Nimehesabu mfuko mmoja: mara 64. Herufi kubwa ya kwanza inaanza kama mtumbwi uliopinduka, na kufikia mstari wa thelathini imekaa. Pembeni kuna doa la mafuta la duara, pengine la kopo.

Mwandiko wa juu ni wa mama mkwe. Alikuwa na miaka kumi. "Tulifanya baada ya chakula," kasema. "Alikuwa na hasira na mimi kila siku. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu mkali." Cheti cha uraia kipo kwenye kopo, 1947, na saini yake imekwea juu kidogo kuliko mstari, lakini yote imo. Wakati huo sardini nao wameanza kuadimika, na miaka michache baadaye viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mtaa wenyewe sasa ni hoteli na maduka ya zawadi.

14 Septemba

Wiki mbili za kazi isiyo na hadithi. Kuskani, kunyoosha picha, kugombana na programu ya kupanga kurasa. Jumla ni kurasa 48. Mapishi yameongezeka yakawa kurasa nne. Nimeshindwa vita hiyo na sijutii, kwa sababu wifi kaandika cuccìa vizuri kuliko mimi ninavyoandika chochote. Picha tisa kati ya kumi na moja zimepata majina. Mbili hazina mtu aliye hai wa kuzitambua, nimeziweka hivyohivyo.

Ile dakika iliyoharibika ya kaseti nimeipeleka kwa fundi. Ametoa sekunde kama ishirini. Nonna anamuuliza mjukuu wake kama ameshakula.

5 Oktoba

Mama mkwe amesoma nakala ya mwisho kwa kioo cha kukuzia, siku mbili, kalamu nyekundu mkononi. Kanisahihishia jina la boti, tarehe moja ya ubatizo, na kwenye ukurasa wa 21 amekata kitenzi. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza cha kijitabu, kwamba mama yake alihamia Salinas. Amekipiga mstari mara tatu na kuandika pembeni maneno matano ya kueleza kwamba hakuhamia mtu. Nimemwambia kwetu ni kuongeza herufi tatu tu: alihamishwa. Akataka nilitamke tena, akalijaribu yeye, likamshinda katikati, akapiga meza kwa kiganja.

Kesho ni kwa mchapaji, nakala 40. Picha ya ukurasa wa 12 bado imepinda.